Depo ya lori inajengwa katikati ya kartie ya makazi, Bel-Air (Lubumbashi): tuanzie biro gani?

Mama_BelAir

Habari zenu ndugu. Naomba wanaojua mambo ya urbanisme (mipango miji) na kadastre (upimaji wa ardhi) hapa Lubumbashi watusaidie.

Kwenye avenyu yetu huku Bel-Air, komine ya Kampemba, lupango (viwanja) mbili zilizopakana zimenunuliwa na mtu mmoja. Nyumba za zamani zimebomolewa, ukuta wa bloki wa karibu mita 3 umezunguka zote mbili, na geti limeachiwa upana wa mita 6. Masoni wenyewe wanasema ni depo: lori za remorke (trela) zitalala hapo na mizigo ya migodi itapakuliwa hapo. Ukuta wa mbele umesogea barabarani mpaka umepanda juu ya mfereji. Mfereji ule wa sentimita 40 kwa 40 wameufunika, wakaweka bomba la zege la sentimita 30 ndani yake. Nyuma, upande wa kijito, wanamwaga kifusi kila siku ili kiwanja kiongezeke. Kibao cha shantie (mahali pa ujenzi) hakuna.

Shefu wa kartie tukimwuliza anajibu "mwenyewe ana karatasi zote". Tunataka kujua kama kweli mtu anaweza kuruhusiwa kuweka depo ya remorke kati ya nyumba za watu, na kama hapana, nani mwenye mamlaka ya kuisimamisha kabla mvua hazijaanza. Msingi wa dali (sakafu ya zege) umeshachimbwa lakini beto (zege) haijamwagwa.

Kazi_za_Mji

Mama, usikubali jibu la "ana karatasi zote" kabla hujajua ni karatasi zipi. Kwa kazi kama hiyo kuna ruhusa za aina tatu, zinatoka biro tatu, na kuwa na moja hakumpi mtu nyingine.

Ya kwanza ni ya ardhi. Kwa sheria ya 20 Julai 1973, kifungu cha 53, ardhi yote ni mali ya Serikali. Mtu binafsi anapewa haki ya kuitumia, na haki hiyo inathibitishwa na certificat d'enregistrement (hati ya ardhi) inayotolewa na Conservateur des titres immobiliers (msajili wa hati za ardhi). Hiyo sertifika inaonyesha nani ana haki, juu ya eneo gani. Haimruhusu kujenga chochote anachotaka. Tena inafuata mkataba wake, na mkataba unataja matumizi: makazi, biashara au viwanda. Lupango mbili zilizokuwa na nyumba za kuishi huko Bel-Air, kuna uwezekano mkubwa mikataba yake inasema makazi. Kuzigeuza depo kunadai kwanza aombe kubadilishiwa matumizi. Na kama ameziunganisha kuwa moja, lazima zipimwe upya na sertifika mpya itoke. Maneno ya shefu wa kartie hayaunganishi lupango.

Ya pili ni permis de construire (ruhusa ya kujenga), ambayo inafuata agizo la waziri la 26 Juni 2013 na inapitia urbanisme. Hapo ndipo ramani ya jengo inatazamwa: linasimama wapi, linatumika kwa nini, maji yanatoka wapi. Shantie iliyo sawa huweka kibao chenye namba ya ruhusa na aina ya kazi. Kibao kisipokuwepo haimaanishi moja kwa moja kwamba ruhusa haipo, ila inakupa haki ya kuuliza namba. Na ikipatikana, msome imeandikwa nini. Mara nyingi ruhusa iliyotolewa ni ya "clôture", yaani ukuta tu, kisha ndani ya ukuta kinapanda kitu kingine kabisa. Anayeonyeshwa karatasi yenye muhuri kwa sekunde mbili mlangoni hawezi kuona tofauti hiyo.

Ya tatu ni ya mazingira. Maegesho ya malori mazito, tangi la mafuta, karakana ya kubadilisha oili, mizigo ya madini: shughuli za namna hii zinaangaliwa kwa sheria ya mazingira ya 9 Julai 2011 na kwa dekreti ya 29 Mei 2013 juu ya "installations classées", yaani mahali pa kazi zinazoweza kuleta hatari au uchafuzi. Kazi inayoweza kuleta madhara makubwa inatakiwa kufanyiwa uchunguzi wa athari kwanza, na wakaaji wa jirani wanapaswa kuulizwa. Kama hakuna mtu wa avenyu yenu aliyewahi kuulizwa, liandikeni hilo kwenye barua kwa herufi kubwa.

Kwa hiyo anzieni urbanisme, kwa sababu ndiyo biro inayoweza kusimamisha kazi kwa haraka. Conservateur afuate siku ileile. Na msingoje. Wakati shimo ni tupu, kusimamisha ni karatasi moja. Beto ikimwagwa na mabati yakipanda, kila biro itaanza kuzungumza habari ya "kurekebisha hali" na kulipa faini, na kubomoa hakutajwi tena.

Mpimaji_LshI

Niongeze upande wa vipimo, maana ukuta kuingia barabarani ndiyo hoja rahisi kuliko zote kuithibitisha, na pia ndiyo hoja watu wanayoiharibu.

Msipime kwa simu. GPS ya simu hukosea mita 3 mpaka 5 hata mahali pa wazi, na nyinyi labda mnatafuta tofauti ya mita moja na nusu tu. Chukueni utepe wa mita 50. Nendeni safu ya nyumba zilizo ng'ambo ya avenyu, mtafute mawe ya mpaka ambayo hayajaguswa: ni vinguzo vifupi vya zege, vingine vina chuma katikati, mara nyingi vimefunikwa na udongo wa sentimita 10 au 20. Mkifukua msikitikise. Kuhamisha jiwe la mpaka ni kosa la jinai, na hata kulisogeza kwa bahati mbaya kutawafanya nyinyi kuwa washtakiwa. Kutoka kwenye mawe hayo pimeni upana wa avenyu mpaka kwenye ukuta mpya, mahali patatu: kona ya kwanza, katikati, kona ya mwisho. Kisha pimeni upana huohuo mbele ya lupango za jirani ambazo hazijabadilika. Kama kwa jirani mnapata mita 12 na kwenye depo mnapata mita 10.40, huyo amekula mita 1.60 ya barabara, na haihitaji maneno mengi.

Piga picha utepe ukiwa umenyooka, namba ionekane, na mtu mwingine ashike upande wa pili. Andikeni tarehe.

Kisha ombeni kadastre rasmi. Nyuma ya sertifika kuna mchoro wa lupango wenye urefu wa kila upande, na kwenye dosie kuna "procès-verbal de mesurage et bornage", yaani ripoti rasmi ya vipimo na mawe ya mpaka. Barua yenu iombe mpimaji wa Serikali aje kurudisha mipaka mahali pake mbele ya pande zote mbili. Vipimo vyenu vya utepe ni vya kuwaamsha. Vya kadastre ndivyo vitakavyosimama mahakamani.

Jambo moja ambalo watu hawapendi kulisikia: kabla ya kupeleka barua, zungukeni avenyu nzima mtazame baraza, ngazi na vibanda vyenu. Kama nusu ya waliotia sahihi nao wamefunika mfereji mbele ya geti zao, mpimaji akija ataandika vyote, na mwenye depo atakuwa wa kwanza kuonyesha kidole. Ondoeni vyenu kwanza.

Maji_na_Mifereji

Mimi nazungumzia bomba tu, maana watu wanaliona dogo.

Mfereji wa zege wa 40 kwa 40 ukiwa safi, kwenye mteremko wa asilimia 1, unapitisha takriban lita 270 kwa sekunde ukijaa. Bomba la zege la sentimita 30 kwenye mteremko uleule linapitisha karibu lita 80. Yaani wameondoa zaidi ya theluthi mbili ya njia ya maji ya avenyu nzima. Tena mfereji ulio wazi unasafishwa kwa jembe na koleo. Bomba lililozikwa chini ya ukuta haliingiliki: mchanga unatulia, mifuko ya plastiki inashika mdomoni, na linabaki na nusu ya kipenyo chake.

Upande wa pili, lupango zilizokuwa na bustani na udongo zinageuka dali. Kama ni mita za mraba 2,000, mvua ya milimita 40 ikinyesha kwa saa moja inaleta karibu mita za ujazo 80, na beto hainywi. Lubumbashi inapata takriban milimita 1,200 kwa mwaka, na karibu zote zinanyesha kati ya Oktoba na Aprili. Maji hayo yanarudi barabarani, yanatafuta lupango iliyo chini kuliko zote. Angalieni ni ya nani, na huyo awe wa kwanza kutia sahihi, kwa sababu ndiye atakayepata hasara.

Maji yake pia si safi. Mahali malori yanapolala, oili na mafuta hudondoka. Maji ya dali yanatakiwa yapitie kisima cha kutenganisha mafuta kabla ya kutoka. Ulizeni kipo wapi kwenye ramani. Wengi wa Bel-Air wana visima au forage (visima vya mashine), na msimu wa mvua maji ya ardhini hupanda karibu na uso. Choo au fosi (shimo la maji taka) yenyewe inashauriwa kuwa angalau mita 30 kutoka kisimani, na sakafu yake iwe mita 1.5 juu ya usawa wa maji ya ardhini. Shimo la oili chafu linahitaji uangalifu zaidi ya hapo.

Kifusi cha kijitoni ni kesi peke yake. Kitanda cha mto wowote, mkubwa au mdogo, ni mali ya umma kwa kifungu cha 16 cha sheria ya 1973, mpaka pale maji yanapofika yanapojaa kwa kawaida ya msimu. Hakiuzwi na Conservateur hawezi kukitolea sertifika halali. Tafuteni picha za Januari na Februari zilizopita zinazoonyesha maji yalipofika: ukuta wa jirani wenye mstari wa tope, mti uliozungukwa na maji. Picha hizo zina nguvu kuliko maelezo ya kurasa tano.

Mama_BelAir

Asanteni sana. Tumepima kama Mpimaji alivyosema: kwa jirani ni mita 12.10, kwenye ukuta mpya ni 10.35, 10.40 na 10.30. Maajenti wa urbanisme nao walipita Ijumaa, wakaandika kwa rangi nyekundu ukutani "ARRÊT DES TRAVAUX", yaani kazi isimame. Jumapili asubuhi rangi ilikuwa imepakwa chokaa na masoni wako kazini. Vijana wa avenyu sasa wanasema tuweke mawe barabarani ili lori la beto lisipite.

Kijana_Kampemba

Na ni kweli. Barua zinalala mezani. Mkifunga avenyu siku moja, meya mwenyewe atafika.

Karatasi_Sawa

Hapana, ndugu yangu. Elewa nini kitatokea. Mkifunga barabara ya umma, mwenye depo anakwenda polisi na malalamiko yaliyo wazi: dereva amezuiwa, mali imeharibika, majina ni haya. Faili la kwanza linafunguliwa dhidi yenu, na lake halijafunguliwa bado. Baada ya hapo kila barua yenu inasomwa kama barua ya watu wa fujo. Mna hoja nzuri kuliko yeye, msimpe hiyo nafasi.

Mama, kuhusu rangi nyekundu. Rangi peke yake si kitu. Kinachofunga kazi ni procès-verbal (PV): karatasi yenye namba, tarehe, jina la ajenti, kosa lililoonekana, na sahihi ya aliyekabidhiwa au maelezo kwamba amekataa kutia sahihi. Jumatatu nendeni urbanisme watu watatu, mwombe namba ya PV ile. Ikiwepo, andikeni barua fupi: "Licha ya PV namba fulani ya tarehe fulani, kazi imeendelea Jumapili", na picha zenye tarehe. Kuendelea na kazi baada ya kusimamishwa ni kosa jipya juu ya lile la zamani, na linaweza kupelekwa parquet (ofisi ya mwendesha mashtaka). PV isipokuwepo, mmejua kwa nini kazi imeendelea, na barua yenu inaomba iandikwe.

Siku hiyohiyo tafuteni huissier (afisa wa mahakama) afanye constat, yaani ripoti rasmi ya hali ilivyo. Analipwa, kwa hiyo mchangie. Anaandika anachokiona: umbali wa ukuta, bomba, kifusi, dali imefika wapi, kibao hakipo. Kazi yake kubwa ni kugandisha tarehe. Miezi sita baadaye mtu hawezi kusema dali ilikuwepo tangu zamani.

Kisha petisyo. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kuandikia mamlaka peke yake au pamoja na wengine, na mamlaka inatakiwa kujibu ndani ya miezi 3. Hamhitaji kuunda shirika. Kila anayetia sahihi aandike jina, namba ya nyumba na avenyu. Sahihi za watu wa mbali zinapunguza nguvu. Nyumba 15 zinazopakana na kuzunguka depo zinatosha kuliko majina 300 ya soko zima. Pelekeni kwa burugumesta wa Kampemba, na nakala kwa meya wa mji, urbanisme, Conservateur na biro ya mazingira ya mkoa. Barua iwe ukurasa mmoja na nusu, viambatisho nyuma.

Msiandike "tunapinga maendeleo" wala msitaje kabila, nchi au dini ya mwenye depo. Neno moja la namna hiyo linazamisha barua nzima, na linastahili kuzama. Andikeni ukuta, mfereji, kijito, matumizi ya lupango.

Kama kuna nyumba imeshapata ufa au imeingiwa na maji, huyo mkaaji ana njia yake binafsi: kifungu cha 258 cha code civil, kitabu cha tatu. Anayesababisha hasara kwa kosa lake analipa. Kesi hiyo haingoji permis iwe halali au la. Mkitaka kuvunja permis au mabadiliko ya matumizi yenyewe, hiyo inakwenda kwenye mahakama ya utawala baada ya kulalamika kwanza kwa aliyetoa karatasi. Muda wake ni mfupi, kwa hiyo mwone avoka (wakili) mara tu mtakapopata nakala. Na sertifika mpya ikishatimiza miaka 2 bila kushambuliwa inakuwa ngumu sana kuiangusha. Kwa hiyo tarehe ya sertifika ndiyo swali la kwanza kwa Conservateur.

Kijana_Kampemba

Sawa Papa, nimeelewa. Ila waliotia sahihi wengine hawana sertifika, wana acte de vente (karatasi ya mauzo) tu na fiche ya komine. Hawatageuziwa kesi wao?

Karatasi_Sawa

Swali zuri. Kutia sahihi petisyo hakudai sertifika. Mpangaji naye ana haki, anakaa hapo na anapumua vumbi lilelile. Lakini kwenye kesi ya mipaka, anayesimama mbele awe mwenye sertifika. Acte de vente na fiche parcellaire (hiyo fiche ya komine) zinaonyesha umenunua na unakaa, hazikupi haki kamili juu ya ardhi. Waliobaki waanze kushughulikia zao sasa, na malipo yapite benki kwa note de perception (karatasi rasmi ya malipo ya Serikali), si mkononi mwa mtu.

Kazi_za_Mji

Naongeza hoja moja ya kuweka kwenye barua, ya geti. Lori la remorke la mita 16.5 likigeuka linahitaji nafasi ya duara yenye nusu-kipenyo cha mita 12.5 upande wa nje. Avenyu yenu sasa imebaki na mita 10.35. Kwa hiyo kila lori litakaloingia kwenye geti la mita 6 litapanda kwenye ukuta wa ng'ambo, au litarudi nyuma mara nne tano likiziba njia, ambulansi na zimamoto zikiwemo. Chora kwa mkono, kwa kipimo, avenyu na lori. Ajenti anayesoma barua ishirini kwa siku atasimama kwenye mchoro.

Na mnachoomba kiwe wazi, kwa mpangilio huu: kazi isimame, namba ya permis na matumizi ya lupango yaonyeshwe, mipaka irudishwe na kadastre mbele yenu, ukuta urudi ndani na mfereji wa 40 kwa 40 ufunguliwe kabla ya mvua, kifusi kitolewe kijitoni. Ombi la mwisho, depo ihamie eneo la viwanda. Mkianza na hilo la mwisho mtaingizwa kwenye mazungumzo marefu na maji yatawakuta bado mnazungumza. Ukuta na mfereji havina mazungumzo: ukuta upo barabarani au haupo.

Mama_BelAir

Tumeelewa. Kesho watatu wetu wanakwenda kuuliza namba ya PV, na mchango wa huissier umeanza. Barua tuipeleke na watu wangapi?

Karatasi_Sawa

Wawili wanatosha. Chapeni nakala mbili kwa kila biro: moja inabaki, nyingine inarudi kwenu ikiwa na muhuri wa accusé de réception (uthibitisho wa kupokea), tarehe, na sahihi ya aliyepokea. Sekretari akisema "acheni tu, nitamfikishia shefu", ngojeni hapo mpaka apige muhuri. Miezi 3 ya Katiba inahesabiwa kutoka tarehe ya muhuri huo, na bila hiyo nakala hamkupeleka kitu.